Maji ya Zege Analeta Nani?

Mwezi uliopita kijana mmoja ofisini kwetu aliniletea andiko la mradi nilipitie kabla halijaenda kwa mteja. Kadi yake inamtambulisha kuwa ni mchambuzi wa biashara, na kwa michoro ana mkono. Mradi wenyewe ni mfumo wa kupokea malipo wa shirika lenye matawi mikoani. Nikapitia kurasa zote, nikarudi mwanzo, nikapitia tena.

"Yasiyohusika umeyaandika wapi?"

"Mzee, si tumeandika yanayohusika? Yaliyobaki ndiyo hayahusiki."

"Na mteja akisema alidhani yanahusika?"

"Aah, hayo tutayamaliza mbele kwa mbele."

Simlaumu sana. Anayoyajua kuhusu kompyuta mimi yameshanipita, wala sitayakimbilia. Lakini ile "mbele kwa mbele" ilinikera mpaka nyumbani wakaniuliza nina nini, maana nimeona miradi mingi ikizikwa huko huko mbele. Na kila nilipokereka nilimkumbuka mzee wa mashine.

Alikaa barazani Mtaa wa Swahili, Kariakoo, mwendo mfupi kutoka lile soko alilolichora Beda Amuli. Jina la mzee wa mashine lilitokana na taipureta yake, Olympia ya chuma, nzito, ambayo jioni hakuibeba kurudi nayo nyumbani. Aliilaza kwenye duka la nyuma yake na kulipa chochote. Kazi yake ilikuwa kuchapa: barua za kuomba kazi, maombi ya uhamisho, mambo ya mirathi, hati za mauziano ya viwanja, na mapatano ya mafundi na wenye nyumba. Kabla hujamwona, pua ilikuwa imeshakwambia umefika. Kwanza karatasi ya kaboni, ile harufu ya nta na masizi. Halafu mafuta ya cherehani ambayo aliipaka mashine kila asubuhi. Na kadiri jua lilivyopanda, juu ya yote, ng'onda wa sokoni. Hadi leo nikifungua faili la zamani lenye nakala za kaboni, ng'onda wananijia puani wakati hakuna ng'onda.

Ukutani, juu kidogo ya kofia yake, mwenye duka alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee alikuwa akisema maandishi yale yamempunguzia nusu ya maneno.

Mimi nilifika pale nikimsindikiza shangazi. Shangazi alishikilia mpaka anaingia kaburini kwamba ilikuwa 1981. Hati ninayo, mwaka wake unasomeka 1983 au 1988, kaboni imefifia pale pale penye kutakiwa. Najua karatasi ilikuwa adimu, kwamba ilibidi tuende nayo wenyewe, na kwamba karatasi za kiwanda cha Mgololo zilikuwa bado hazijaanza kutoka, na kiwanda kile kilianza katikati ya miaka ya 80. Kwa hiyo 1983. Na kama si 1983, basi si 1983, nyumba ilisimama.

Shangazi alikuwa akiuza chai na maandazi, na kwa maandazi hayo alikuwa amepata kiwanja Temeke. Alikuja na fundi wake, jamaa mrefu mwenye futi kamba mfukoni, wote wawili wakiwa na furaha ya watu waliokwisha kuelewana. Baada ya shikamoo na marahaba shangazi akasema: "Tumeshapatana, mzee. Nyumba ya vyumba sita. Fundi kazi yake, mimi vifaa. Tuchapie tu."

Mzee hakuitia karatasi kwenye mashine. Aliiweka pembeni, akaikandamiza na kikombe cha kahawa.

"Maji ya zege analeta nani?"

Fundi akasema maji ni vifaa. Shangazi akasema maji ni kazi. Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana. Temeke ya wakati ule maji yalikuja kwa mkokoteni, kwa debe, na madebe ya kukoroga zege la nyumba ya vyumba sita si mchezo. Furaha ilipungua papo hapo, na nilimchukia mzee yule kwa kuharibu mambo yaliyokuwa yakienda vizuri.

Hakuishia hapo. Mirunda ya jukwaa ni ya kununua au ya kukodi, na ikishafunguliwa inarudi kwa nani? Kibarua wa kukoroga analipwa na fundi au na mama? Saruji usiku inalala wapi na nani analala nayo? Mchana mafundi wanakula kwa nani? Hili la chakula lilimchoma shangazi, kwa sababu alikuwa muuza maandazi na fundi alikuwa ameshapiga hesabu zake. Misumari ikibaki? Mifuko mitupu ya saruji? Ndiyo, mifuko mitupu. Miaka ile hata mfuko mtupu ulikuwa na mwenyewe.

Mzee hakuwa na upande. Ujira wake ulikuwa ule ule, watu wapatane au wagombane, na nadhani nguvu yake yote ilitoka hapo. Aliuliza maswali madogo ambayo mtu mwenye heshima zake angeona aibu kuyauliza, akanyamaza, akasubiri. Ukimya wake ulikuwa mrefu kuliko uvumilivu wa shangazi.

Ndipo akasema neno ambalo nimelibeba kazini kwangu maisha yote: "Sasa niambieni ambayo hayamo."

Fundi alicheka. Mzee hakucheka. "Shimo la choo limo?"

Halimo, akasema fundi, choo ni kazi mbali. Shangazi alishika kiuno. Lipu ya nje? Haimo. Rangi? Ukuta wa uani? Sakafu ya uani? Kitasa, bawaba, kuning'iniza mlango? Kila jambo lilivutana dakika kadhaa, likaangukia upande mmoja au mwingine. Shimo la choo liliingia ndani, na bei ikapanda. Ukuta wa uani ukatoka. Kahawa ilikuwa imeisha, na mwenye duka wa nyuma alikuwa ametoka kusikiliza.

Hapo ndipo akatia karatasi tatu na kaboni mbili. Mashine yake ilikuwa na utepe wa rangi mbili, nyeusi juu na nyekundu chini. Yaliyomo aliyachapa kwa nyeusi. Kisha akabonyeza kile kijiti cha pembeni, herufi zikaruka kwenye nyekundu, akachapa YASIYOMO. Orodha nyekundu ilikuwa ndefu kuliko nyeusi. Kwenye nakala za kaboni wekundu haukutokea, kwa hiyo alizipigia mstari kwa kalamu, moja moja, polepole, na rula.

Malipo aliyakata kwa hatua: msingi ukimalizika, boma likifika lenta, paa likiezekwa, na baki siku ya kukabidhiana. Kisha akasoma hati yote kwa sauti. Akasoma tena. Ya tatu hakusoma yeye. Alimwambia fundi, ambaye herufi hazikuwa rafiki zake, aeleze kwa maneno yake mwenyewe nini anakwenda kufanya na nini hafanyi. Fundi akaeleza bila kukosea, hata la mifuko mitupu. Ndipo kidole gumba kikaingia kwenye wino. Nakala moja ya shangazi, moja ya fundi, na ya tatu ikapelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye alizitunza hati za namna ile kwenye bati la biskuti.

Chini ya ukurasa aliacha nafasi tupu yenye sharti moja: nyongeza yoyote irudishwe hapa barazani na wote wawili. Na shangazi alirudi. Boma likiwa limepita madirisha alitamani kibaraza cha mbele, cha kuuzia. Fundi akataja bei, mzee akachapa nyuma ya hati zote tatu, zikaongezwa siku na fedha, akatoza nusu ya ujira. Nimekaa kwenye kamati nyingi za kuidhinisha mabadiliko ya miradi, zenye sambusa na maji ya chupa. Utaratibu unaoshinda ule wa kwenda na nakala zote tatu barazani sijauona.

Nilipomaliza shule nilipata kazi masijala ya shirika moja la umma. Sikuwa napoteza mafaili, sifa iliyokuwa nadra, nikahamishiwa chumba kipya chenye kiyoyozi, kilichowekwa kwa ajili ya kompyuta na wala si kwa ajili yetu. Kompyuta zilikuwa bado bidhaa ya kuombewa kibali. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974, miaka tisa tu baada ya ile ya kwanza, ICT 1500, kufungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kuzitia hesabu za Serikali kwenye kompyuta ulikuwa umekwenda mrama, fedha zikateketea, wizara ikarudia mashine zake za zamani. Watu wa rika langu huitaja marufuku ile kama kichekesho. Bosi wangu wa kwanza, mchambuzi wa mifumo aliyekuwa ameyaona mambo hayo akiwa kijana, hakucheka. "Walipatana mashine," alikuwa akisema. "Kazi hawakupatana."

Bosi huyu naye alikuwa wa maswali ya maji. Tulipewa kazi ya kuingiza mishahara kwenye kompyuta. Alichora duara moja katikati ya ubao, na kulizunguka akachora visanduku: benki, mfuko wa akiba, kodi, na JUWATA, jumuiya ya wafanyakazi ya wakati ule. Kila mshale unaoingia kwenye duara au kutoka, alitaka kumjua mwenyewe: nani anauleta, siku gani, na asipouleta mishahara inalipwa vipi. Kisha akamgeukia mhasibu. "Vibarua wamo?"

Mhasibu akajibu bila kuwaza kwamba wamo, wafanyakazi wote wamo. Likaletwa daftari la vibarua. Lilikuwa limejaa majina ya mojamoja, wengine wamelipwa kwa siku, wengine kwa gunia walilopakia, na kurasa za katikati zimelowa chai. Bosi akalipekua kwa adabu, akalifunga, akachora kisanduku nje kabisa ya duara, hakina mshale hata mmoja. Mhasibu alipinga asubuhi nzima, meneja akaitwa, na mwisho wakubwa wenyewe wakatia saini kwamba vibarua wataendelea na daftari lao. Mishahara ikatoka kwenye kompyuta kwa wakati. Kama vibarua wangeingia, nina hakika tungekuwa tunaifanya kazi ile mpaka shirika linabinafsishwa.

Alitufundisha pia kuogopa "Mengineyo". Aliyewahi kukaa kwenye vikao vya mashirika anajua: ajenda ya mwisho, watu wamekwisha funga mafaili, mkurugenzi anasema kwa upole, "Na ile taarifa ya magari, nadhani na yenyewe itakuwemo." Wote wanaitikia kwa kichwa kwa sababu wana njaa. Bosi hakuitikia. Angesema, "Mheshimiwa, naomba iandikwe kwenye muhtasari kuwa imeombwa, na jibu litaletwa kwa dokezo pamoja na siku zinazoongezeka." Walimwona mkorofi. Alistaafu bila kuwa mkurugenzi.

Miaka ya 90 ilikuja na wafadhili, na wafadhili wakaja na hadidu za rejea. Sina ugomvi na hadidu za rejea. Zikiandikwa vizuri ni barazani kwa mzee kabisa, nani atafanya nini, kwa muda gani, atakabidhi nini. Ugomvi wangu ni kwamba zilikuja kwa Kiingereza, na hazijaondoka kwenye Kiingereza. Kikao kinafanyika kwa Kiswahili, watu wanabishana kwa Kiswahili, wanaelewana au hawaelewani kwa Kiswahili, halafu mtaalamu anakwenda hotelini kulala na yote hayo na kuamka na kurasa sitini za Kiingereza. Zinasambazwa kwa "wadau". Wadau wanasaini karatasi mbili: ya mahudhurio, ambayo inasomwa kwa makini kwa sababu ina posho, na ya kuidhinisha, ambayo haisomwi. Karani wa dirishani, ambaye ndiye atakayetumia mfumo kila siku ya Mungu, hakualikwa.

Nimeshuhudia matunda yake. Shirika moja lilinunua mfumo wa kutoa risiti, mashine zikapelekwa kila tawi, zikafunguliwa na mgeni rasmi na utepe ukakatwa. Baada ya wiki chache mashine nyingi zilikuwa zimenyamaza. Karatasi za risiti zilikuwa zimeisha, na hakuna aliyejua nani ananunua nyingine. Kampuni ikasema hazimo, ikafungua mkataba, na kweli hazikuwemo. Shirika likasema mashine ya risiti bila karatasi ni mashine gani. Mameneja wa matawi hawakuwa na fungu. Makarani wakarudia vitabu vya risiti vya mkono, na mawakili wa pande zote mbili wakala.

Wazungu wenyewe, ambao vijana wetu wanawataja kila sentensi, hawajawahi kusema mambo haya yaachwe. Mwaka 1994 Dai Clegg, akiwa Oracle, alitunga njia ya kupanga mahitaji kwa mafungu manne: ya lazima, ya kufaa, ya ikiwezekana, na ya safari hii hapana. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona wino mwekundu. Vijana wanayapenda yale mafungu matatu ya mwanzo. La nne huliacha tupu ili wasimuudhi mteja. Mwaka 2001 watu kumi na saba walikutana Utah, Marekani, wakatoa tamko la ajaili (Agile), njia ya kujenga mifumo kidogo kidogo, na humo wamesema ushirikiano na mteja wanauthamini zaidi kuliko kujadiliana mkataba. Wamesema pia kwamba hayo mengine nayo yana thamani yake. Sentensi hiyo ya pili naona haikufika Dar es Salaam. Anayefanya ajaili kwa dhati hupatana upya kila baada ya wiki mbili, nini kimo na nini hakimo, na hiyo ni kazi zaidi ya kupatana, wala si likizo ya kutopatana.

Mwaka 2003 wachambuzi wa biashara wakapata chama chao cha kimataifa, IIBA, na baadaye mwongozo wao mnene, na vyeti na mitihani. Toleo la tatu la mwongozo huo lilitoka 2015. Ni kitabu kizuri, nakirejea. Baada ya hapo mambo yamekwenda mbio na siwezi kusema nimeyafuata yote. Malipo yakahamia kwenye simu, Serikali ikaleta namba za malipo, kila taasisi ikataka programu yake ya simu, na mapatano yakahamia kwenye WhatsApp. Sasa napokea mahitaji ya mradi kwa sauti, mtu anazungumza akiwa kwenye daladala, konda anaita Mbagala nyuma yake, na mwisho anasema, "Nadhani umenipata." Kijana anajibu kwa kidole gumba. Nacho ni kidole gumba, lakini hakikusomewa kitu.

Wa kuchapa barazani hawana kazi tena. Steshenari zinauza fomu za mkataba wa ujenzi zilizokwisha chapwa, unajaza jina, kiwanja, kiasi na saini. Nilinunua moja kwa udadisi. Nyumba nzima imo kwenye mistari saba ya vitone, na ya chini kabisa imeandikwa "Mengineyo".

Nisionekane nalalamika tu. Mwaka jana niliombwa kukaa kama mshauri kwenye kikao cha chama kimoja cha akiba na mikopo kilichokuwa kinanunua mfumo mpya. Mchambuzi alikuwa binti ambaye sikuwa namfahamu, na andiko lake lilikuwa la Kiingereza kama kawaida, kwa sababu kampuni ilitaka hivyo. Lakini aliomba bodi isisaini kwanza. Aliwaita makarani wa dirishani wote ndani, akakaa, akaanza kulisoma kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele, kwa sauti. Mwakilishi wa kampuni alitazama saa. Kipengele cha sita kilisema mwanachama atatumiwa ujumbe wa simu kila anapoweka akiba.

Mama mmoja wa dirishani akanyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo meseji inalipiwa na nani?"

Mwenyekiti akasema ni kampuni. Mwakilishi akasema ni chama. Ikaanza. Wengine walitaka ikatwe kwenye akiba ya mwanachama, mama yule akasema siku hiyo yeye hatakuwepo dirishani kusikia matusi. Binti aliweka kalamu mezani, akawaacha. Mabishano yalipowachosha akasema kama hakuna fungu, basi hadi mkutano mkuu uamue, ujumbe haumo.

"Lakini tumeshauweka kwenye bei," mwakilishi akasema.

"Basi upunguze kwenye bei, kaka, na uandike hapa kwamba haumo. Kwa mkono inatosha. Weka na tarehe."

Aliandika, akaweka tarehe, na binti akaendelea na kipengele cha saba.